Mbwa katika safari ya kambi: Afya yake ni afya yenu

Jumapili moja jioni, nikiwa karibu kufunga kliniki, waliingia mume na mke pamoja na mwana wao wa miaka tisa. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa kilichokauka damu. Familia hiyo ilikuwa imetoka Naivasha, ambako ilipiga kambi kwa siku tatu kando ya ziwa. Walikuwa wamekodi gari lenye vitanda na jiko ndani, wakapakia chakula, blanketi, mpira wa watoto, na mbwa wao wa nyumbani.

Ijumaa usiku mbwa koko wawili walikuja kunusa mabaki ya nyama. Mbwa wa familia, ambaye hakuwa amefungwa, akawarukia. Katika vurumai hiyo mtoto alikimbia kumwokoa rafiki yake, naye akaumwa kiganjani.

"Aliumwa na mbwa yupi?" nikauliza.

"Hatujui, daktari," akajibu baba. "Walikuwa wameshikana. Lakini nafikiri ni huyu wetu, kwa hivyo si neno. Tumemlea tangu akiwa mdogo."

"Alichanjwa lini dhidi ya kichaa cha mbwa?"

Baba alimtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu. Mbwa huyo alikuwa na umri wa miaka minne na hakuwa amechanjwa hata mara moja. Kwa siku mbili nzima kidonda cha mtoto hakikuwa kimeoshwa kwa sabuni. Kilimwagiwa maji kidogo ya chupa, kikafungwa, na safari ikaendelea.

Siku hizi familia nyingi za mijini hupenda kutoka wikendi au likizoni kwenda kupiga kambi. Wengine hubeba hema, wengine hukodi gari la kambi, yaani lile lenye mahali pa kulala, kupikia na kuoshea vyombo. Na kwa kuwa mbwa amekuwa kama mtu wa nyumbani, watoto hawakubali aachwe nyuma. Si jambo baya. Mbwa hufurahia safari, hulinda kambi, na huwafanya watoto watembee badala ya kukaa wakitazama simu.

Lakini yafaa msomaji akumbuke jambo moja. Nyumbani mbwa hulala kibandani na nyinyi hulala chumbani. Katika gari la kambi mnalala chini ya paa moja, mnapumua hewa moja, na kupe aliyemdandia mchana anaweza kuwa kwenye blanketi la mtoto usiku. Kwa hivyo maandalizi ya mbwa ni sehemu ya maandalizi ya afya ya familia nzima.

MWEZI MMOJA KABLA

Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu uliripotiwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, na bado upo nasi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka ulimwenguni, wengi wao barani Asia na Afrika, na karibu wote huwa wameambukizwa na mbwa. Wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka wa 2014 serikali yetu ilizindua mpango wa kuutokomeza kwa binadamu ifikapo mwaka wa 2030, na nguzo kuu ya mpango huo ni kuchanja mbwa.

Mbwa huchanjwa kwa mara ya kwanza akifikisha miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Kama hajawahi kuchanjwa, usingoje hadi siku ya kuondoka. Kinga huhitaji wiki tatu hadi nne kujijenga mwilini. Mbwa aliyechomwa sindano Alhamisi na kupakiwa garini Ijumaa hajapata kinga yoyote ya kutegemewa. Kadi yake ya chanjo ibebwe pamoja na vitambulisho vyenu. Mtu akiumwa, kadi hiyo ndiyo itakayomsaidia daktari kuamua la kufanya.

Jambo la pili ni minyoo. Mbwa hubeba tegu mdogo sana ambaye mayai yake hutoka na kinyesi. Binadamu akiyameza kwa mikono michafu, kwa maji au kwa mboga, yanaweza kukua kuwa mifuko ya maji ndani ya ini au mapafu. Mifuko hiyo hukua polepole kwa miaka mingi, na mara nyingine haiondolewi ila kwa upasuaji. Turkana ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizowahi kuathirika zaidi na maradhi haya. Mbwa huambukizwa kwa kula matumbo na maini mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe. Kwa hivyo, mkichinja mbuzi kambini, usimtupie mbwa matumbo. Yafukieni shimo refu au yachomeni. Na kabla ya safari, mwombe daktari wa mifugo ampe mbwa dawa ya minyoo inayoua tegu pia, kwa maana si kila dawa ya minyoo hufanya hivyo.

Jambo la tatu ni kupe na viroboto. Mwekee mbwa dawa ya kupe siku kadhaa kabla ya kuondoka, na ufuate kipimo kulingana na uzito wake. Usimpake dawa ya kuoshea ng'ombe kwa kukisia. Nimewahi kumtibu mtoto aliyelewa sumu kwa kumkumbatia mbwa aliyekuwa bado amelowa dawa ya namna hiyo.

Mwisho, uliza mapema ni hospitali gani iliyo karibu na mahali mnapokwenda, na kama ina chanjo ya binadamu dhidi ya kichaa cha mbwa. Si kila zahanati huwa nayo. Andika nambari ya simu ya hospitali hiyo, na ya daktari wa mifugo wa sehemu hiyo.

NJIANI

Adui mkubwa wa mbwa safarini ni joto. Sisi binadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa hutoa jasho kidogo tu kwenye nyayo, na hupunguza joto kwa kuhema huku ulimi ukining'inia. Hewa anayovuta ikiwa ya moto, kuhema hakumsaidii. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41, ubongo, figo na moyo huwa hatarini.

Wengi hudhani kuwa gari likiegeshwa kwa dakika kumi, dirisha likiwa wazi kidogo, hakuna hatari. Si kweli. Siku yenye joto la nyuzi 24, ambayo kwetu Nairobi ni siku ya kawaida kabisa, joto ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kufika nyuzi 34 kwa dakika kumi, na 43 kwa nusu saa. Kufungua dirisha kidogo hakubadilishi mengi. Sasa fikiria gari hilo likiwa limeegeshwa Mtito Andei saa saba mchana, nanyi mko hotelini mkila. Onyo hili ni la watoto wadogo vile vile. Kama mtu mzima hawezi kuketi ndani ya gari hilo, asiachwe mtoto wala mbwa.

Dalili za joto kali ni kuhema kwa kasi, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuyumbayumba, kutapika, na hatimaye kuanguka. Mpeleke kivulini mara moja. Mmwagie maji ya kawaida tumboni, shingoni na miguuni, na mmpepee. Msitumie barafu. Akiweza kunywa, mpeni maji kidogo kidogo, kisha mtafuteni daktari wa mifugo hata kama ameanza kupata nafuu.

Wanaosafiri kwenda Pwani wanafanya vyema kuondoka alfajiri. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na sehemu yenye joto kali ni ile ya chini baada ya Kibwezi. Simameni kila baada ya saa mbili ili mbwa anywe maji na ajisaidie. Lakini angalieni mnaposimama. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara hupita katikati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na huko wanyama wa mwituni huvuka. Mbwa asishuke bila kamba, na si busara kusimama kandokando ya kichaka.

Chakula chake apewe saa tatu au nne kabla ya safari, kwani mbwa wengi hutapika wakisafirishwa wakiwa wameshiba. Wala asiachwe huru ndani ya gari. Mbwa wa kilo 30 aliyesimama kati ya viti hurushwa mbele kwa nguvu nyingi dereva akifunga breki ghafla. Akiteleza chini ya miguu ya dereva, anaweza kuzuia breki yenyewe isikanyagike. Mtieni ndani ya kizimba kilichofungwa imara, au mfungeni kwa mkanda wa kifuani ulioshikanishwa na mkanda wa kiti. Kumfunga shingoni nyuma ya pikapu ni hatari, kwa maana akiruka atajinyonga.

MKIFIKA KAMBINI

Kabla ya kuchagua mahali, fahamu kwamba mbuga za kitaifa haziruhusu mbwa wa nyumbani. Watu wengine hukasirika wakirudishwa langoni. Lakini sheria hiyo ina sababu. Mwaka wa 1994 maradhi ya virusi yanayojulikana kwa mbwa, ambayo chanjo yake mbwa wa mjini hupewa wakiwa wadogo, yaliua karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti, na yakafika Maasai Mara pia. Wataalamu waliyahusisha na mbwa wa vijiji vilivyo karibu na mbuga. Mwaka wa 2017 maradhi hayo hayo yaliwafyeka mbwa-mwitu wa Laikipia. Kwa hivyo tafuteni kambi za watu binafsi zinazokubali mbwa, na mpige simu kwanza.

Mbwa aliyezoea kutembezwa Karura akiwa na kamba shingoni asidhaniwe kwamba atajua la kufanya mbele ya kiboko. Katika maziwa kama Naivasha na Baringo viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Mbwa hubweka, kiboko hukasirika, mbwa hukimbilia kwa mwenyewe, na kiboko humfuata. Baringo kuna mamba pia, kwa hivyo asiachwe anywe maji ukingoni. Jua likianza kutua, mbwa awe amefungwa au yuko ndani.

Sababu ya pili ya kumfunga ni mbwa koko. Karibu kila kambi iliyo jirani na kituo cha biashara huwa nao. Wao hufuata mabaki ya chakula, na huwezi kujua ni yupi mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe anatoka povu na kukimbiakimbia. Mwingine hujificha, hunyamaza, taya hulegea, na hushindwa kumeza. Mtu mwema humkaribia akidhani amekwamwa na mfupa, akatia mkono kinywani. Mabaki yote yafungwe ndani ya pipa lenye kifuniko. Na watoto wafundishwe kabla ya kuondoka nyumbani kwamba mbwa wakipigana, mtoto haendi, anaita mtu mzima.

Mkiwa sehemu zenye mbung'o, mathalani karibu na Shimba Hills au bonde la Lambwe, jueni kwamba mbwa hupata nagana kama ng'ombe, na humuua upesi. Akirudi akiwa na homa, amekonda, na macho yamefunga ukungu mweupe, mwambie daktari wa mifugo mlikotembea.

Kila jioni mkagueni mbwa kupe: masikioni, shingoni, kwapani na kati ya vidole. Kisha jikagueni wenyewe. Kupe akishika ngozi, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja. Usimchome kwa sigara wala kumpaka mafuta ya taa. Oshea mahali hapo kwa sabuni.

Jambo jingine ambalo mimi kama daktari wa watu hulazimika kulisema ni hili: usimpe mbwa dawa zako. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni vinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli inaweza kumuua. Chokoleti, vitunguu na zabibu pia ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa huvunjika kama kigae na kumkwama kooni.

Ndani ya gari, mbwa awe na tandiko lake, bakuli lake na mahali pake pa kulala, mbali na chakula na kitanda cha mtoto mchanga. Kinyesi chake kikusanywe na kufukiwa mbali na maji. Kila anayemshika anawe kwa sabuni kabla ya kula. Mbebe maji ya kutosha kwa kazi hii, si ya kunywa peke yake.

MTU AKIUMWA

Ningependa sehemu hii ikatwe na kubandikwa mlangoni mwa gari. Nilipokuwa ningali daktari mwanagenzi nilimwona mgonjwa mmoja wa kichaa cha mbwa, kijana aliyeumwa mguuni wiki saba nyuma. Alikuwa na kiu, akaomba maji, lakini kikombe kilipokaribia mdomo koo lake lilikaza na akapiga kelele kwa hofu. Hatukuwa na la kufanya ila kumpunguzia mateso. Alifariki siku ya tatu. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla hazijaanza, ugonjwa huu huzuilika kabisa.

Kwanza, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa sababu watu wengi huacha baada ya dakika mbili. Sabuni huua virusi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Kisha paka ayodini au spiriti. Usitie pilipili, majani, mafuta wala unga wa aina yoyote.

Pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na hata kama aliyeuma ni mbwa wenu. Sindano za zamani za tumboni, ambazo wazee hutusimulia kwa kuogofya, hazitumiki tena. Siku hizi chanjo hudungwa begani. Kwa kawaida ni dozi nne: siku ya kwanza, kisha baada ya siku tatu, siku saba na siku 14. Kidonda kikiwa kimetoboa ngozi na kutoa damu, daktari anaweza pia kudunga kinga ya haraka kandokando ya kidonda. Dozi zote zikamilishwe. Chanjo ya pepopunda nayo iangaliwe.

Tatu, mbwa asiuawe kwa hasira. Kama anajulikana, afungiwe na achunguzwe kwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi hakuwa na virusi matemani siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Lakini matibabu yasingoje siku hizo kumi ziishe ndipo yaanze.

MKIRUDI NYUMBANI

Baadhi ya maradhi hujitokeza baada ya safari. Mtu akipata homa, maumivu ya kichwa na vipele wiki moja baadaye, na akawa na kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, huenda ni homa ya kupe. Wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya malaria. Pimwa malaria, ndiyo, lakini mwambie daktari pia kwamba mlipiga kambi na mlikuwa na mbwa. Homa hii hutibika vizuri kwa doksisaiklini, mradi itambuliwe.

Na kuna mbwa ambao ni heri wabaki nyumbani na mtu wa kuwatunza: watoto ambao hawajachanjwa, jike mwenye mimba, wazee wenye ugonjwa wa moyo, wale wenye pua bapa ambao hupumua kwa shida, na yeyote aliyewahi kuuma mtu.

Yule mtoto wa Naivasha tulimwosha kidonda upya, dakika 15 kwa saa ya ukutani. Chanjo tulikuwa nayo, lakini ile kinga ya haraka baba yake aliitafuta katika hospitali tatu hadi karibu saa sita za usiku. Mbwa wa familia alikuwa mzima baada ya siku kumi. Hata hivyo mtoto alimaliza dozi zote, kwa kuwa mbwa koko wale hawakuonekana tena na hakuna aliyeweza kusema ni meno ya nani yaliyoingia kiganjani. Mbwa naye, kwa kuwa alipigana akiwa hana chanjo, daktari wa mifugo aliagiza achanjwe na afungiwe peke yake kwa miezi kadhaa.

Mtoto hakupata madhara yoyote. Likizo iliyofuata walikwenda tena, pamoja na mbwa huyo huyo. Safari hii baba alipita kliniki wiki sita kabla, akaniwekea kadi ya chanjo mezani, na kunionyesha kamba mpya aliyomnunulia.